Nilivyojifunza kukaa chini



Juma hili sileti habari ya vita wala ya mgao wa chakula. Ninaleta habari ya mgongo na magoti. Wengine watacheka. Lakini mtu aliyepitisha miezi chini ya shitingi, juu ya mawe ya Nyiragongo, anajua kwamba jambo hili halichekeshi.

Ardhi yetu mnaifahamu. Volkano ililipuka Januari 2002, moto ukapita katikati ya mji. Ikalipuka tena Mei 2021. Mahali pengi pa Goma na kandokando yake, ukichimba kidogo unakutana na jiwe jeusi lenye makali. Kambi nyingi zilisimamishwa juu ya jiwe hilo. Ndani ya kibanda huwezi kusimama wima: unaingia umeinama, unakaa umeinama. Nje unakaa kungoja. Unangoja maji, unangoja jina lako lisomwe kwenye orodha, unangoja habari za kijiji. Kazi ya kwanza ya mkimbizi ni kutembea, ya pili ni kukaa. Na kukaa hakuna aliyewahi kutufundisha.

Mimi kukaa kulinishinda tangu mwaka 2019, nilipoanguka na pikipiki kwenye barabara ya Sake. Mifupa haikuvunjika, lakini tangu siku ile nikikaa chini dakika kumi, kiuno kinawaka moto, mguu wa kushoto unakufa ganzi, na mimi naanza kutafuta sababu ya kusimama. Kwa kazi yangu huo ni ubaya mkubwa. Mwandishi wa habari za kambini hana meza. Anakaa pale mwenye habari alipokaa.

Mwaka 2023, katika kambi moja ya magharibi mwa Goma, kulikuwa na mama mzee wa kutoka upande wa Masisi. Nilikwenda kwake mara tatu kusikiliza safari yake. Mara ya tatu, nilipoweka mikono magotini ili nisimame, alinishika mkono, akaniambia taratibu: "Mtoto wangu, kila siku unasimama mbele nifike pale penye mutoto wangu alikufia."

Nilimweleza habari ya mgongo wangu. Akasikiliza, akatikisa kichwa. "Hata miye, magoti iko inaniuma," akasema. "Lakini niko hapa."

Nilirudi nyumbani na neno hilo. Sikulala vizuri.

Mwezi wa tatu mwaka 2024 tuliitwa waandishi kadhaa kwa mafunzo Kampala. Njia ya Bunagana ilikuwa imefungwa kwetu, basi tulizunguka: Gisenyi, Musanze, Cyanika, Kisoro, kisha barabara ndefu ya Uganda usiku kucha. Nilishuka kwenye basi nikitembea kama mzee wa miaka 80. Siku zote za mafunzo nilisimama nyuma ya ukumbi, nimeegemea ukuta, wenzangu wamekaa. Siku ya mwisho ndugu mmoja Mganda, mwandishi mwenzetu, akaniambia: "Kaka, kesho nitakupeleka kwa watu wanaojua kukaa."

Nilidhani ananipeleka kwa daktari. Alinipeleka Garuga, karibu na Entebbe, upande wa ziwa Victoria, kwenye Kituo cha Wabuddha cha Uganda. Kituo hicho kilianzishwa mwaka 2005 na Bhante Buddharakkhita, mtawa wa Kibuddha ambaye ni Mganda, mzaliwa wa Kampala. Mimi nilifikiri Ubuddha ni mambo ya Wachina wa kwenye filamu. Kumbe kuna Mwafrika aliyevaa kanzu ya utawa, akajenga mahali pa kutafakari huku kwetu kwenye Maziwa Makuu.

Kabla sijaingia nilimwambia ndugu yangu wazi: mimi ni Mkatoliki, nimebatizwa, naimba kwaya. Akacheka. "Hakuna atakayekuomba cheti cha ubatizo," akasema. Na kweli, hakuna aliyeniomba kuacha wala kushika chochote. Nilikwenda Mkatoliki, nikarudi Mkatoliki. Nasema haya mapema kwa sababu niliporudi Goma swali la kwanza la wanakwaya lilikuwa hilo.

Ndani kulikuwa na mikeka na mito ya kukalia. Nikaona watu wamekunja miguu, wametulia. Mimi nikataka kujionyesha. Nilikuwa nimeona picha za Buddha: kila mguu umelala juu ya paja la mguu mwingine. Nikaushika mguu wangu wa kulia, nikauvuta juu ya paja kama mtu anayefunga mzigo kwenye chukudu. Goti likalia. Mtawa aliyekuwa anafundisha wageni alikuja haraka, akainama, akautelemsha mguu wangu chini kwa mikono yake mwenyewe.

Alisema kwa Kiingereza, ndugu yangu akatafsiri: goti ni kama bawaba ya mlango. Linafunguka na kufungika, basi. Kiungo kinachozunguka ni nyonga, kule juu paja linapoingia kwenye kiuno. Mtu ambaye nyonga yake haifunguki, akiulazimisha mguu kupanda juu ya paja, zamu ya kuzunguka inaliangukia goti, na goti halikuumbwa kwa kazi hiyo. Tena nyonga za watu hazifanani. Mwingine mifupa yake inamruhusu tangu utoto, mwingine haitamruhusu hata akijaribu miaka 20. Hilo halihusiani na utakatifu.

Kisha akauliza: "Unaumwa wapi ukikaa?" Nikamwonyesha kiuno. Akaniambia nikae chini kama ninavyokaa kambini. Nikakaa sakafuni, miguu nimeikunja, magoti yamebaki juu karibu na kifua. Akaweka mkono mgongoni mwangu: uti wote ulikuwa umepinda kama upinde. Akaleta mto mmoja mgumu, akauweka chini ya makalio yangu. Akatazama. Akaongeza wa pili. Sasa magoti yalishuka, yakawa chini kuliko nyonga, na mgongo ukasimama wenyewe, bila mimi kuuvuta.

Ndugu zangu, siri yote ni hiyo. Nyonga ziwe juu kuliko magoti. Ukikaa sakafuni bila kitu, na nyonga zako ni ngumu, mfupa wa kiuno unalala nyuma, mgongo unapinda, na misuli ya mgongo inabeba kichwa na mabega kama mama aliyebeba mzigo wa kuni. Inachoka upesi. Ukiinua makalio kidogo, mfupa wa kiuno unainama mbele, na mifupa ya mgongo inapangana mmoja juu ya mwingine kama matofali. Mzigo unabebwa na mifupa, misuli inapumzika.

Siku ile nilikaa dakika 25. Nilitoa machozi kidogo. Uchungu haukuwepo. Nililia kwa sababu nilimkumbuka yule mama, nikajua kwamba ningeweza kumsikiliza tangu zamani kama mtu angenipa mto.

Wakati wa chai nilimuuliza mtawa: kwa nini basi Buddha kwenye sanamu amekunja miguu vile? Alieleza kwamba kule India, watu walikuwa wakikaa chini tangu utoto, na miguu iliyokunjwa inampa mtu msingi mpana, haanguki hata akitulia muda mrefu. Mafundisho ya zamani yanasema mtu aende msituni, au chini ya mti, au kwenye nyumba tupu, akunje miguu, anyooshe mwili, aangalie pumzi yake. Lakini mafundisho hayohayo yanataja mikao minne ya mwili: kutembea, kusimama, kukaa na kulala. Yote minne inafaa. Sanamu nyingine zinamwonyesha Buddha amelala ubavu wa kulia. Na Maitreya, yule Buddha anayengojewa, mara nyingi huchongwa amekaa kama sisi kwenye kiti, miguu imeshuka chini.

Akanipa na hadithi ya Sona. Huyu alikuwa mtoto wa watu matajiri, nyayo zake laini. Alipoingia utawa alitaka kuwashinda wote kwa juhudi. Alitembea akitafakari huku na huko mpaka nyayo zikapasuka, njia ikajaa damu, na moyo wake haukupata amani yoyote. Akaanza kufikiri kurudi nyumbani. Buddha akaja kwake, akamuuliza juu ya chombo cha nyuzi alichokuwa anapiga zamani: nyuzi zikikazwa mno, zinalia vizuri? La. Zikilegea mno? La. Basi na juhudi iwe hivyohivyo.

Sisi Wakongomani hatuhitaji kufafanuliwa hadithi hii. Kila mpiga gita wa rumba anajua. Buddha mwenyewe, kabla ya kukaa chini ya mti pale Bodh Gaya, alikuwa amejaribu kuutesa mwili kwa njaa mpaka akakaribia kufa. Aliacha, akala, akapata nguvu, ndipo akakaa. Kwa hiyo mwenye kufikiri kwamba kuumia ndiyo sala, hapati shahidi hata kwa mwalimu huyo.

Sasa niwaeleze mikao niliyojifunza, kwa vitu tulivyo navyo. Mito mizuri hatuna.

Mkao wa kwanza ni wa miguu iliyokunjwa bila kupandana. Unakaa juu ya kitu kilichoinuka: blanketi lililokunjwa mara nne, au kitenge kilichozungushiwa nguo kuukuu mpaka kikawa kigumu. Kisiwe laini mno, kwa maana kikididimia hakisaidii. Kaa ukingoni, usikae katikati. Mguu mmoja unalala mbele ya mwingine, yote miwili iko chini. Goti likining'inia hewani, lijazie kitambaa chini yake. Juu ya jiwe letu, tandika kwanza gunia au katoni, kifundo cha mguu kisichubuke.

Wa pili ni wa kupiga magoti. Huu wakristo tunaujua, ila tunaufanya kwa kukalia visigino, na dakika chache tu miguu imekufa. Weka kitu kati ya visigino na makalio: magunia yaliyokunjwa, au kile kiti kifupi cha jikoni, miguu ikipita pembeni yake. Uzito unaondoka kwenye magoti. Mwenye goti bovu lenye uvimbe aache mkao huu.

Wa tatu ni wa kiti, na kiti chetu ni bidoni ya lita 20. Isiwe tupu, itaanguka nawe. Iwe na maji au mchanga. Weka kitenge juu. Nyayo zote mbili zikanyage chini. Mwenye miguu mifupi aweke jiwe bapa chini ya nyayo. Usiegemee kama mgongo unaweza. Kama hauwezi, egemea, hakuna dhambi. Mama mjamzito, mzee, aliyepasuliwa, aliyepigwa risasi, huu ndio mkao wenu.

Wa nne ni wa kulala, chali magoti yameinuliwa, au ubavu wa kulia. Adui wa mkao huu ni mmoja tu, usingizi. Lakini kwa mtu aliyekosa usingizi wiki nzima kwa ajili ya milio ya silaha, akilala tuseme aksanti.

Mikono iweke mapajani. Kidevu kiingie ndani kidogo. Legeza mkanda na kitenge tumboni, pumzi ipite. Anza na dakika tano. Mtu anayeanza na saa nzima hatarudi kesho.

Kuhusu uchungu, nilijifunza kutofautisha. Kuna uchungu wa misuli, unaozunguka, unaokuja na kwenda. Huo unaweza kuungoja pumzi chache, ukauangalia, mara nyingine unaondoka wenyewe. Ukikaa pale pale, badilisha mkao polepole, ukijua unabadilisha. Kuna na uchungu mkali ndani ya goti, kama sindano. Huo hauangaliwi, unaondolewa mara moja. Mguu ukifa ganzi, jua kuna mshipa wa fahamu umebanwa. Nyoosha mguu, ngoja hisia irudi kabisa ndipo usimame. Nimeona mtu akisimama haraka na mguu mfu, akaanguka juu ya sufuria ya bugali. Na ganzi isiyoondoka hata baada ya kunyoosha, hiyo ni ya kupeleka kituo cha afya.

Neno moja zaidi, la kwetu sisi tuliopita vitani. Mtu akikaa kimya na kufunga macho, wakati mwingine kinachokuja hakina utulivu wowote. Zinakuja picha, zinakuja kelele. Ikiwa hivyo, fungua macho. Tazama jiwe lililo mbele yako, sikia nyayo zako chini, gusa mkeka. Simama, utembee. Hujashindwa. Nenda ukaongee na mtu, hasa wale wanaosikiliza waliopatwa na majeraha ya moyo. Usijilazimishe kukaa peke yako na jambo linalokuzidi.

Niliporudi Goma nilikwenda kambini siku ya pili. Nilibeba vitenge viwili vya zamani vya mke wangu na magunia mawili matupu. Yule mama alikuwa pale pale, mlangoni mwa kibanda, miguu ameinyoosha juu ya jiwe, mgongo umepinda. Nikamsalimia, nikamwambia: "Mama, nimerudi. Lakini kwanza tutengeneze pa kukaa."

Alinitazama kama mtu aliyepotewa na akili. Nikamjazia bidoni maji nusu, nikaweka gunia na kitenge juu, jiwe bapa chini ya nyayo zake, nguzo ya kibanda nyuma ya mgongo. Alikaa, akanyamaza kidogo. "Eh," akasema, "sasa niko kama bibi ya shefu." Watoto wakacheka. Mimi nikakunja gunia langu, nikakaa chini mbele yake, nyonga juu, magoti chini.

Akauliza: "Ni nani alikufundisha?" Nikamweleza habari za Garuga. Akafikiri. "Na Mungu anakubali?" Nikamjibu kwamba Mungu ndiye aliyetengeneza mgongo, nadhani hakasiriki mtu akijua kuutumia. Akakubali.

Ndipo akaanza tena tangu mwanzo, tangu asubuhi ile ya kijijini. Nilibadilisha mkao mara mbili, polepole, bila kumkatiza. Ilipita saa moja na nusu. Akafika pale. Aliyosema sitayaandika hapa, ni maneno yake. Alipomaliza aliniomba kitu kimoja: niandike jina la mtoto wake kwenye daftari langu, herufi zote, asije akasahauliwa. Nililiandika. Akaniambia nimsomee. Nikamsomea.

Baada ya hapo kila nilipopita kambini nilimkuta kwenye bidoni yake, na wamama wengine wawili wamefanya kama yeye. Hawakuwa wakitafakari kama kule Garuga. Walikuwa wakisali rozari, au wakichambua sombe, au wakikaa tu. Lakini walikaa wima.

Januari 2025 M23 waliingia Goma. Wiki chache baadaye kambi zilibomolewa, watu wakaambiwa warudi walikotoka. Nilipofika pale nilikuta mawe, vipande vya shitingi, na mabaki ya mafiga. Mama yule sikumwona tena. Wengine wanasema walipanda kuelekea Masisi, wengine wako kwa ndugu, wengine wamevuka mpaka.

Daftari ninalo mpaka leo. Mgongo wangu haujapona, na siku za baridi unanikumbusha barabara ya Sake. Lakini sasa nikifika kwa mtu, kabla sijatoa kalamu, natafuta kwanza jiwe, gunia, kitu cha kuinua makalio, kwake na kwangu. Nimeelewa kwamba mwili unaoteseka unatafuta mlango wa kutokea, na masikio yanaufuata.

Mama, kama uko mahali ambapo kuna mtu anakusomea habari hii, jina la mtoto wako bado liko kwenye daftari, herufi zote. Na kama bidoni ilibaki njiani, tafuta nyingine, uijaze nusu, weka nguo juu. Nyonga juu kuliko magoti. Siku nikijua uliko nitakuja, na nitakaa.

Mimi mwandishi wenu, kutoka Goma.